Walipima Damu Mlimani 1949. Mbona Watoto Wetu wa Leo Hawapimwi?

Wadau, leo hakuna siasa na hakuna bei ya kahawa. Leo nataka tuongee kuhusu kisigino cha mtoto mchanga, na kuhusu jarida moja la sayansi ambalo limeninyima usingizi wiki hizi mbili.

Ilianza na jirani. Ploti tunayoishi hapa Nyeri mjini kuna mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Busia. Mkewe pia ni wa huko magharibi. Mtoto wao wa pili alizaliwa hapa hapa, na tangu akiwa na miezi kadhaa amekuwa mtoto wa kulia usiku. Vidole vinavimba, macho yanageuka manjano, anapata nafuu, baada ya wiki mbili wanaanza tena. Walizunguka vituo kadhaa. Wakaambiwa ni baridi ya mlima. Wakaambiwa ni nimonia. Kwingine wakaambiwa mtoto ana damu kidogo, apewe mboga na maini. Alikuwa anakaribia miaka 4 ndipo wakampata daktari kijana aliyewahi kufanya kazi Kisumu, akawauliza swali moja tu: "Nyinyi kwenu ni wapi?" Kipimo kikafanywa. Selimundu, ile wengi tunaiita siko seli.

Mwalimu alipouliza mbona ilichukua muda wote huo, alijibiwa kwa upole kwamba huku mlimani watu hawaitafuti, manake huku haipo.

Mimi hilo jibu lilinikaa kooni. Nani alisema huku haipo? Na alisema lini? Nikaanza kuchimba, na kumbe jibu lina tarehe kabisa.

Mwaka wa 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma msafara wa wanafunzi Mlima Kenya. Wenzake walikuwa wanakusanya mimea na wadudu. Mmoja wao, Anthony Allison, alikuwa anasomea udaktari. Alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia shambani huku Kenya. Yeye alikusanya damu. Alizunguka sehemu nyingi za nchi akichukua sampuli, akiangalia nani anabeba ile jeni ya selimundu. Alichokiona kilimshangaza. Kwa watu wanaoishi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji walipita asilimia 20. Kwa watu wa nyanda za juu katikati, hawakufika hata asilimia 1.

Allison akaunganisha hiyo picha na malaria. Palipo na mbu wengi, kubeba jeni moja kunakukinga usiuawe na malaria, kwa hivyo jeni inadumu kizazi hadi kizazi. Palipo na baridi kama kwetu, haina kazi, inapotea. Lakini ukirithi mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mama, hapo ndipo ugonjwa. Mwaka wa 1953 alirudi Afrika Mashariki kuthibitisha, na mojawapo ya majaribio yake aliwaambukiza malaria wanaume 30 Waluo waliojitolea. Kati ya 15 wasiobeba jeni, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 wanaobeba, ni 2 tu. (Leo ukipeleka jaribio kama hilo kwa kamati ya maadili watakufukuza kabla hujakaa.) Makala yakatoka 1954 katika British Medical Journal, na mpaka leo yanafundishwa dunia nzima. Mwaka huo huo wazee wetu hapa Nyeri walikuwa wanasukumwa kwenye vijiji vya Emajensi. Sidhani kuna aliyeletewa nakala.

Simlaumu Allison. Alikuwa sahihi. Shida ni kile kilichofanyika na ramani yake. Ilikuwa picha ya watu walivyokuwa wanaishi 1949, kila jamii kwao. Tangu hapo walimu wamehamishwa, askari wamehamishwa, watu wamefuata biashara, wengine wameoana. Nenda Nanyuki ukae stejini dakika kumi, usikilize lugha. Jeni hazibaki Busia mtu akipanda matatu. Lakini akilini mwa wengi wanaotibu huku, ramani ni ile ile.

Kwingine dunia iliondoka kwenye kubahatisha "nyinyi ni wa wapi" ikaenda kwenye kupima kila mtoto. Huyo mtu wa kumshukuru ni Robert Guthrie, Mmarekani. Alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, na mpwa wake wa kike alikuwa na ugonjwa unaoitwa fenilketonuria, ambapo mwili unashindwa kusaga sehemu fulani ya protini na ubongo unaharibika polepole. Ukijua mapema, unambadilishia mtoto chakula, ubongo unapona hatari. Ukichelewa, basi. Guthrie akabuni kipimo kinachohitaji matone machache tu: unachoma kisigino, damu inadondokea kwenye karatasi nene inayonyonya, inakauka, unaituma kwa posta. Alichapisha kipimo chake 1963, na mwaka huo jimbo la Massachusetts likakifanya lazima.

Jamani, ile karatasi ndiyo ujanja wenyewe. Hakuna barafu, hakuna chupa ya kupasuka njiani. Miaka ya 1970, Jean Dussault kule Quebec alionyesha kwamba tone lile lile linaweza kuonyesha mtoto ambaye tezi yake ya shingo haifanyi kazi. Hiyo inapata takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000, na dawa yake ni kidonge cha bei ya chini. Mwaka wa 1975 jimbo la New York likaanza kupima selimundu kwa watoto wachanga. Halafu 1986 ukatoka utafiti ambao kwangu ndio kiini cha haya yote: watoto wenye selimundu waliopewa penisilini kila siku walipata maambukizi makali pungufu kwa asilimia 84. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine. Penisilini! Dawa ambayo shosho wangu anaijua kwa jina.

Kwa hivyo kumjua mtoto wiki ya kwanza ni tofauti ya maisha. Mtoto wa mwalimu alikaa karibu miaka 4 bila hiyo dawa. Kuishi kwake ni bahati tu.

Sasa jarida. Watu wa kazi hii waliunda chama chao cha kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 wakawa na jarida lililoitwa Screening. Halikudumu. Kwa miaka mingi makala yao yalitawanyika, haya kwenye jarida la watoto, yale la maabara, mengine la jenetiki, na mengi nyuma ya ukuta wa malipo. Mwaka wa 2015 wakajaribu tena: International Journal of Neonatal Screening, linachapishwa Basel, Uswisi, matoleo manne kwa mwaka, kwenye mtandao tu, na msomaji halipi chochote. Hapo ndipo mtu wa Nyeri mwenye bando ya shilingi hamsini anaingia sawa na profesa wa Ulaya.

Nilidhani nitakuta sayansi ya kunichosha. Nilichokuta ni watu wakisimuliana matatizo ya kazi. Kadi ambazo zilirundikwa kabla hazijakauka. Sampuli zilizokaa ofisini wikendi nzima. Kipimo kinachosema mtoto ni mgonjwa kumbe ni mzima, na mama akalia wiki mbili bure. Na lile kubwa kuliko yote: jibu limetoka, mama hapatikani. Nadhani ndiyo sababu jarida limekua. Huwezi kujua kosa lako ni la kawaida mpaka usome kwamba nchi nyingine walilifanya pia, na walilirekebisha vipi. Walishatoa hata toleo maalumu kuhusu selimundu.

Lawama ninayo pia. Anayesoma halipi, lakini anayechapisha anatozwa, na bei iko kwa faranga za Uswisi. Hebu fikiria nesi wa Othaya aliye na daftari lenye miaka kumi ya kumbukumbu za wodi. Huyo ana makala. Faranga hana. Nimepekua, na bado sijakutana na makala yanayoanzia Nyeri, Karatina, Kerugoya wala Nanyuki. Na si kwamba hatujui kuandika. Kenya ilikuwa na jarida la udaktari tangu miaka ya 1920, Kenya Medical Journal, ambalo baadaye likawa East African Medical Journal. Mwaka wa 1945 Hugh Trowell, daktari aliyekuwa Mulago, Uganda, aliandika humo kuhusu selimundu. Yaani miaka minne kabla ya Allison kuja mlimani, jambo lilikuwa tayari kwenye karatasi, kwenye jarida la huku huku kwetu.

Waganda nao hawakulala. Kati ya 2014 na 2015 walifanya kitu cha akili sana. Kule, kama huku kwetu, watoto waliozaliwa na akina mama wenye virusi vya Ukimwi hutolewa tone la damu kisiginoni, linakaushwa kwenye kadi, linapelekwa maabara kuu. Waganda wakasema: hizi kadi tayari ziko Kampala, damu imebaki, mbona tusiipime selimundu? Wakapima sampuli 97,631. Asilimia 13.3 wanabeba jeni, asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Wakachapisha 2016 katika Lancet Global Health, wilaya kwa wilaya, kwa hivyo serikali ikajua ianzie wapi. Hawakujenga barabara mpya ya kusafirisha kadi. Walitumia iliyokuwepo.

Kenya hatuna mpango wa kitaifa wa kupima kila mtoto mchanga. Kuna wanaosema selimundu ni ya kaunti za magharibi na pwani, pesa ziende huko kwanza. Sawa, zianze huko, kwa sababu ndiko watoto wengi waliko. Lakini mtoto wa mwalimu hakuzaliwa huko. Na ile tezi ya shingo haijali umetoka ziwani au mlimani. Shosho anakumbuka akina mama wenye rovu kubwa wakienda soko la Karatina, kabla sheria ya 1978 kulazimisha chumvi itiwe aidini. Udongo wa milimani huoshwa na mvua, aidini inaondoka. Kama kuna watu wangetakiwa kuuliza habari za tezi za watoto wao, ni sisi.

Wiki jana nilichapisha makala mawili ya bure kutoka lile jarida kwenye saiba, shilingi kumi ukurasa, nikayapeleka kwa nesi mmoja ninayemheshimu, mama wa miaka mingi kazini. Nikamwambia, "Mathee, soma hii, niambie kama ninaota." Alivaa miwani, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama. Kisha akaniuliza ninadhani ni kitu gani kinakosekana hapa. Nikasema kadi.

Akafungua droo. Zilikuwa humo, pakiti nzima, zile za watoto wa wiki sita, kila moja na duara tano tupu. "Kadi ninazo," akasema. "Sina pa kuandika hicho kipimo kwenye fomu."