Tindivanam: mji wa mikwaju na wanaume watatu waliobisha hodi usiku

Leo tunafunga safari hadi kusini mwa India, kwenye mji mdogo ambao wasafiri wengi wanaupita wakiwa wamesinzia kwenye basi. Chukua chai yako, maana posti ni ndefu. Nimeigawa vipande sita ili mtoto akilia ujue ulipoishia.

1. Njiani

Wengi wetu tunaijua Chennai, ile iliyokuwa ikiitwa Madras, kwa sababu kuna ndugu au jirani aliyepelekwa huko kutibiwa moyo au figo. Sasa ukitoka Chennai kwa treni kuelekea kusini, baada ya kama kilomita 120 unafika Tindivanam. Dirishani utaona mashamba ya mpunga, karanga, na mivumo imesimama kwenye kingo za mashamba kama walinzi. Ukishuka stesheni utapanda bajaji. Ndiyo, bajaji hiihii yetu, na jina lenyewe limetoka kwao.

Kifungua kinywa ni idli, mfano wa kitumbua kisichokaangwa: mchele na dengu nyeusi husagwa, hulazwa hadi uchachuke, kisha hupikwa kwa mvuke. Huliwa na mchuzi wa sambar, na uchachu wa sambar ni ukwaju. Ukwaju ndio jina la mji wenyewe. Tindivanam maana yake ni msitu wa mikwaju, na hekalu la kale la Shiva lililopo hapo nalo linaitwa kwa mti huo. Waarabu waliuita mti huu tamr hindi, yaani tende ya India, na Wazungu wakachukua jina humo. Kumbe wataalamu wa mimea wanasema asili yake ni Afrika! Kwa hiyo mama, ukifika huko na ukaonja mchuzi, usijione mgeni sana.

Amka mapema ukapite mitaani kabla ya jua kuwa kali. Utawaona kina mama wameinama mbele ya milango yao, wakidondosha unga wa mchele kwa vidole na kuchora maua na mafumbo ya mistari. Hiyo ndiyo kolam. Inachorwa kila alfajiri kuikaribisha heri nyumbani. Nyumba za Wahindu zenye msiba hazichori. Kwa hiyo mtu akipita tu barabarani, kizingiti kitupu kinaweza kumwambia kwamba humo ndani hakuko sawa.

2. Usiku ule

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Tindivanam alikuwepo daktari mmoja Mmarekani, mmisionari, John Scudder. Binti yake Ida, aliyezaliwa huko huko India mwaka 1870 na kusomeshwa Marekani, alikuwa amerudi kumuuguza mama yake. Hakuwa na mpango wa kukaa. Alikuwa na miaka ishirini na kidogo, na alitaka arudi Marekani akaishi maisha yake. Njaa, joto na magonjwa aliyoyaona utotoni yalimtosha.

Usiku mmoja, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, mlango ulibishwa hodi. Alikuwa kijana wa tabaka la Wabrahmini. Mke wake, binti wa miaka 14 hivi, alikuwa kwenye uchungu na mambo yamekwama. Ida akamjibu kwamba yeye hajui lolote la uzazi, ila baba yake ni daktari na atakuja sasa hivi. Yule kijana akakataa. Mwanaume wa nje hawezi kumwona mkewe. Akaondoka.

Hodi ya pili: mwanaume Mwislamu, shida ileile. Safari hii baba mtu alikuwepo na akajitolea kwenda. Jibu likawa lilelile. Hodi ya tatu: Mhindu mwingine wa tabaka la juu. Naye akaondoka peke yake.

Asubuhi Ida akasikia ngoma za msiba. Akamtuma mtumishi aulize. Wanawake wote watatu walikuwa wamefariki.

3. Tusiharakishe kuwahukumu

Najua unachosema hapo ulipo: wanaume gani hawa? Subiri kidogo. Mtu asiyejali mke wake haamki usiku wa manane akaenda kubisha hodi kwa wageni wa dini nyingine, weupe, waliokuwa upande wa watawala. Hawa watatu walijali. Waliogopa, wakatoka, wakaomba. Walichokosa ni njia ambayo ingemwokoa mke bila kuvunja kile walichofundishwa kuwa ndiyo heshima yake. Wakati ule, familia nyingi za hadhi ziliwatenga wanawake sehemu yao ya nyumba, na mwanaume wa nje hakuingia humo, awe na dawa au hana.

Na hapa ndipo moyo wangu wa unesi unapouma. Majina ya wale wanawake watatu hayamo kwenye simulizi hii. Tunajua waume walisema nini. Tunajua daktari alisema nini. Tunajua Ida alijisikiaje. Wao, waliokuwa wanakufa, hatusikii hata neno lao moja. Katika masimulizi yote ya usiku ule hakuna mahali mtu anapowauliza: wewe mwenyewe unataka nini?

4. Njia ya kwanza: badilisha anayefika mlangoni

Ida alirudi Marekani kweli, lakini kusoma udaktari. Mwaka 1899 alihitimu chuo cha udaktari cha Cornell, katika kundi la kwanza la wanawake waliokubaliwa pale. Mwaka 1900 alikuwa India tena, safari hii katika mji wa Vellore, upande wa kaskazini-magharibi ya Tindivanam, akiwa na dola 10,000 alizopewa na tajiri mmoja wa New York kwa ajili ya kujenga hospitali ya kumkumbuka marehemu mkewe. Alianza na kitanda kimoja nyumbani. Baba yake alifariki mwaka uleule, akabaki na wagonjwa peke yake. Mwaka 1902 hospitali yenye vitanda 40 ikafunguliwa.

Msaidizi wake wa mwanzo alikuwa Salomi, mwanamke wa pale nyumbani ambaye hakuwa ameingia darasa lolote la uuguzi. Alijifunzia palepale, kwa mikono yake. Kila nikisoma habari za Vellore namtafuta Salomi, na kila mara simwoni zaidi ya mistari miwili mitatu. Manesi wenzangu mnanielewa.

Lakini daktari mmoja mwanamke hawezi kuingia nyumba zote. Ida akaanza mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo siri ya kazi yake yote. La kwanza, shule ya uuguzi, mwaka 1909. La pili, kliniki za barabarani: kila wiki alisafiri kuelekea mji wa Gudiyatham akisimama chini ya miti, watu wa vijijini wakamkuta hapo. Hakusubiri wafunge safari ya Vellore. Kliniki ya mkoba ya leo, ile nesi anakuja na boksi la chanjo chini ya mwembe, ni ya ukoo huohuo.

Kisha mwaka 1918 akafungua chuo cha udaktari cha wasichana. Wakubwa wa serikali walimwambia akipata waombaji watatu ashukuru. Waliomba 151. Hebu fikiria: mabinti 151, katika nchi ambayo wengi wa rika lao walikuwa wameshaolewa. Leo Vellore ni hospitali kubwa sana, na kuna Waafrika Mashariki wanaopanga foleni pale. Ida alifariki mwaka 1960 akiwa ameuona ukubwa huo.

5. Njia ya pili: badilisha sheria

Sasa tusije tukadhani Wahindi walikaa wakisubiri Mmarekani aje awaokoe. Chuo cha udaktari cha Madras kilishaanza kupokea wanawake mwaka 1875, Ida akiwa bado mtoto. Na huko Pudukkottai, mji mwingine mtulivu wa kusini, mwaka 1886 alizaliwa binti aitwaye Muthulakshmi Reddy. Alipotaka kusoma chuo kilikuwa cha wavulana, na wazazi wengine walilalamika. Mtawala wa pale akaamua aingie. Mwaka 1912 akahitimu udaktari Madras.

Huyu naye aliwaona wanawake wakifa, ila yeye akajiuliza swali la nyuma zaidi: kwa nini mtoto wa miaka 14 yuko kwenye uchungu hata kidogo? Mwaka 1927 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Madras, mwanamke wa kwanza humo, na akapigania umri wa kuolewa upandishwe. Mwaka 1929 India ikapata sheria iliyoweka miaka 14 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Kwa macho ya leo 14 ni kichekesho cha kusikitisha. Kwa wakati ule ilikuwa vita kubwa, na umri umeendelea kupandishwa hadi 18 kwa msichana.

Mnaona sasa? Mmoja alifunza wanawake wa kuingia nyumba ambazo mwanaume haingii. Mwingine aliitaka serikali imtoe mtoto kwenye chumba cha uzazi kabisa. Kazi moja bila nyingine isingetosha.

Leo jimbo hilo la Tamil Nadu ni miongoni mwa majimbo ya India yenye vifo vichache vya uzazi. Vituo vya afya vya vijijini vimewekewa manesi wa zamu usiku na mchana. Gari la wagonjwa linaitwa bure kwa namba 108. Mjamzito maskini hupewa fedha ya serikali, na mpango huo umepewa jina la Muthulakshmi Reddy. Na mila haikufutwa: mimba ikifika mwezi wa 7 au wa 9, wanawake humkusanyikia mjamzito, wakamvika bangili za kioo mikono yote miwili ili mtoto asikie mlio wake. Wanaiita valaikappu. Siku hizi serikali yenyewe huandaa sherehe hizo kwa makundi, na hapohapo wajawazito wanapata elimu ya lishe. Mila imeshikwa mkono ikaletwa kliniki.

6. Hodi ya nyumbani kwako

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama mjamzito anafikwa na mauti kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Manesi wote tunafundishwa hili. Ukiurudia usiku wa Tindivanam utaona daktari alikuwepo, na umbali ulikuwa wa kutembea kwa miguu. Waliuawa na ule ucheleweshaji wa kwanza. Uamuzi.

Na tusiseme hayo ni ya India ya kale. Kuna mama anayetokwa damu nyumbani huku simu ya mume aliyesafiri haipatikani, na mama mkwe anasema tusubiri mwenyewe aseme. Kuna anayegeuka mlangoni mwa wodi akisikia mkunga wa zamu ni mwanaume. Mama, una haki ya kusitiriwa, na una haki ya kuomba awepo nesi wa kike pembeni yako. Omba, wala usione aibu. Lakini usirudi nyumbani.

Kwa hiyo kama kuna mimba ndani ya nyumba, leo jioni mkishakula kaeni mjibu haya:

Nani anaweza kuamua twende hospitali kama baba hayupo? Atajwe kwa jina, na wengine wasikie.

Usiku wa manane tunampigia nani mwenye gari au bajaji? Nauli iko wapi? Walioko Tanzania, namba ya bure ya dharura ya m-mama ni 115. Iandikeni mlangoni.

Damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kutocheza tumboni: hizo hazingoji kikao. Mnaondoka.

Na swali la mwisho aulizwe mjamzito mwenyewe, mbele ya mume na mama mkwe: wewe unataka nini? Kisha mnyamaze wote mumsikilize.

Posti ijayo, Mungu akipenda, tunabaki hukohuko kusini mwa India tuzungumze kuhusu hizo bangili na vyakula wanavyopewa wazazi siku 40. Nyie kwenu mzazi anapewa nini? Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya pweza? Niambieni, na mtagi baba wa mtoto asome kipande cha 6.