Mvuke na Dizeli katika Meli ya Liemba

Kwa miaka mingi mtu aliyesimama ufukoni Wampembe, chini ya miinuko ya Ufipa, aliipima meli kwa swali moja tu: itafika siku iliyotajwa, au haitafika? Gati halikuwapo, abiria na mizigo walipelekwa kwa mashua hadi ubavuni mwa meli. Ilipokosa kuja, dagaa walibaki ufukoni na mgonjwa alibaki kitandani. Kwa swali hilo yafaa tulinganishe aina mbili za mitambo zilizoiendesha Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa upande wa kusini. Mvuke uliiendesha kwa karibu nusu karne.

Kati ya mwaka 1976 na 1979 mvuke uliondolewa, ikatiwa dizeli. Sababu zake si ngumu kufahamu. Boila hula kuni au makaa kwa wingi, hutaka wachochezi wa moto, na huchukua saa nyingi kupata joto kabla ya safari. Dizeli huwaka upesi, hutaka watu wachache, na hutoa kazi nyingi zaidi kwa mafuta machache. Hata hivyo, mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, meli ilitengenezwa tena na kutiwa injini nyingine.

Mwenye haraka atasema kwamba mvuke umeshinda, miaka hamsini kwa kumi na minne. Hukumu hiyo haina haki. Vyuma vya mvuke ni vikubwa na vya mwendo wa polepole; kikivunjika kimoja, fundi stadi mwenye tanuri na mashine ya kukereza aweza kukichonga papo hapo. Vipuri vya dizeli ni vyembamba, hutoka viwandani ng'ambo, na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Nayo miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha hizo. Dizeli basi ilijaribiwa wakati wa njaa yake.

Kwa hiyo mvuke ni ghali kuulisha kila siku, lakini huvumilia umaskini. Dizeli ni rahisi kuilisha, lakini haivumilii kukosa vipuri. Mwenye kuchagua hana budi kuuliza kwanza ni gharama ipi ataweza kuilipa bila kukoma, kisha atie katika hesabu hasara ya siku ambayo meli haikufika, hasara ambayo hulipwa Wampembe wala haionekani katika daftari za ofisi. Mafundi wa mwaka 1916 walitumia mafuta kidogo tu, na meli ikapata maisha ya pili.