Mmiliki halisi: Majina yanayojificha nyuma ya kampuni

NANI hasa aimilikiye nchi? Swali hilo huulizwa ndani ya matatu, kwenye vibanda vya chai na katika kumbi za mihadhara, na mara nyingi jibu lake hutolewa kwa mnong'ono: kwamba kuna watu wachache wasioonekana ambao ndio waamuzi wa kila jambo, nasi wengine ni watazamaji tu.

Mnong'ono huo haufai kudharauliwa, kwani lisemwalo lipo. Kasoro yake ni kuwa huwatafuta watu hao mahali pasipo.

Mwaka 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima kuchunguza madai ya ibada za shetani nchini. Ripoti yake ilifika Bungeni mwaka 1999, na kwa miaka mingi wananchi walizungumza juu ya pete, nyoka na vyama vya siri kama kwamba humo ndimo ulimofichwa ufunguo wa utajiri wa nchi.

Wakati huo huo, vumbi la Goldenberg lilikuwa lingali angani. Katika kashfa hiyo ya miaka ya mwanzo ya 1990, serikali ililipa mabilioni ya shilingi kama fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi katika nchi za nje, ilhali Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Fedha hizo hazikutolewa kwa ndumba. Zilitolewa kwa fomu zilizojazwa, zikatiwa saini na kupigwa muhuri.

Si kwamba vyama vya siri havijawahi kutawala. Nchini Afrika Kusini, chama cha Broederbond kilichoasisiwa mwaka 1918 kiliwaunganisha Makaburu wenye vyeo serikalini, kanisani, vyuoni na katika mabenki. Kila kiongozi wa serikali ya nchi hiyo kuanzia 1948 hadi 1994 alikuwa mwanachama wake. Nchini Italia, polisi walipoipekua ofisi ya Licio Gelli mwaka 1981 walikuta orodha ya majina 962 ya wanachama wa kundi la P2, wakiwemo mawaziri na majenerali, na serikali ya Waziri Mkuu Arnaldo Forlani ikaanguka.

Lakini hebu msomaji azingatie ni nini kilichoviumbua vyama hivyo. Ni orodha za majina. Broederbond nayo ilivuliwa nguo mwaka 1978 wanahabari walipochapisha majina ya maelfu ya wanachama wake kutokana na nyaraka zilizovuja. Mwanazuoni Mwitaliano Gaetano Mosca alikuwa amekwisha kueleza, mwishoni mwa karne ya 19, kwamba wachache waliojipanga huwashinda wengi wasiojipanga. Angeweza kuongeza kuwa wachache hao hushinda kwa wepesi zaidi wasipojulikana majina.

Hapa kwetu, jina halifichwi kwa kiapo wala kafara. Hufichwa kwa kitu cha kawaida mno: kampuni.

Chanzo chake ni kesi ya mtengenezaji wa mabuti wa London aliyeitwa Aron Salomon. Sheria ya wakati huo ilitaka kampuni iwe na wanachama saba, naye akajaza nafasi hizo kwa kujiandikisha mwenyewe, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007 zilizotolewa, yeye alikuwa na 20,001, na wale sita wakapata moja moja. Kampuni ilipofilisika, wadai walisema kampuni na Salomon ni kitu kimoja. Mwaka 1896, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa hoja hiyo. Iliamua kuwa kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria, na mtu huyo si Salomon.

Kenya ilirithi kanuni hiyo pamoja na sheria nyingine za mkoloni. Ina manufaa yake. Bila hiyo ni nani angethubutu kuweka akiba yake katika kiwanda, akijua kikianguka nyumba yake itapigwa mnada? Lakini maadamu kampuni ni mtu, kampuni inaweza kumiliki kampuni nyingine, nayo ikamilikiwa na ya tatu katika kisiwa cha mbali ambako sheria hailazimishi majina kutajwa hadharani. Huko, wakili au kampuni ya udhamini hulipwa ada ili kushika hisa kwa niaba ya mtu ambaye daftari halimtaji. Ukiufuata mnyororo huo pete kwa pete, unakutana na sanduku la posta.

Wakenya walilipata somo hili katika kampuni waipendayo kuliko zote. Safaricom ilisajiliwa mwaka 1997 chini ya shirika la simu la serikali. Mwaka 2000, Vodafone ya Uingereza ilichukua asilimia 40 ya hisa zake, ikizishikilia kupitia kampuni iliyoitwa Vodafone Kenya. Umma uliamini kuwa asilimia hizo zote ni za Waingereza.

Mwaka 2007, Kamati ya Bunge kuhusu Uwekezaji wa Umma, ikiongozwa na Justin Muturi, ambaye baadaye alikuwa Spika, ilikutana na jina geni: Mobitelea Ventures. Ilibainika kuwa kampuni hiyo ilisajiliwa mwaka 1999 huko Guernsey, kisiwa kidogo baina ya Uingereza na Ufaransa, na kwamba ilipewa asilimia 25 ya Vodafone Kenya. Kwa hesabu rahisi, hiyo ilikuwa sehemu ya kumi ya Safaricom. Mwaka 2003, Vodafone iliinunua nusu ya mgao huo, Mobitelea ikabaki na asilimia tano.

Asilimia tano za nani? Walioandikwa kuwa wenye hisa walikuwa kampuni za udhamini za hapo hapo Guernsey, na miongoni mwa wakurugenzi zilikuwemo kampuni za kisiwa cha Anguilla kilichoko bahari ya Karibi. Hapakuwa na jina la binadamu anayeweza kuitwa na kamati, akala kiapo na kujibu. Vodafone ilieleza kwamba Mobitelea ilikuwa mshirika aliyeisaidia kwa ushauri ilipoingia katika soko la Kenya. Haikusema ni ushauri wa nani.

Yote hayo yalitokea wakati serikali ilipokuwa ikijiandaa kuuza sehemu ya hisa zake kwa umma. Upinzani ulitaka uuzaji usimamishwe hadi wamiliki wa Mobitelea watajwe, lakini haukusikilizwa. Mnamo Machi 2008, nchi ikiwa bado inafukiza moshi wa ghasia za uchaguzi, Rais Mwai Kibaki alizindua toleo la hisa bilioni 10 kwa bei ya Sh5 kila moja. Foleni zilizunguka majengo ya benki. Walimu walikopa, wakulima wakauza ng'ombe, vyama vya akiba vikakusanya michango. Zaidi ya watu 800,000 waliomba hisa, na kwa kuwa maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, wengi walipata sehemu ndogo tu ya walizoomba. Hisa zilianza kuuzwa sokoni Juni 9, 2008, na haukupita muda mrefu kabla ya bei kuporomoka chini ya zile Sh5 walizolipa.

Kila mmoja wa waombaji hao alitakiwa kutoa jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Safaricom ilikuwa na hisa bilioni 40. Asilimia tano ni hisa bilioni mbili, ambazo kwa bei ya siku hiyo zilikuwa na thamani ya Sh10 bilioni. Mama muuza mboga wa Gikomba aliyenunua hisa mia chache alijulikana kwa sajili kuliko aliyekuwa nyuma ya mabilioni hayo.

Idara ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa iliitazama kesi hiyo, lakini hakuna aliyefikishwa kortini. Hatimaye Vodafone ilinunua pia kipande kilichobaki, umiliki wake ukarudi kuwa asilimia 40, na Mobitelea ikatoweka jinsi ilivyokuja. Orodha rasmi ya waliokuwa wamiliki wake haijawahi kutangazwa kwa umma. Labda walikuwa watu wenye haki zao, labda sivyo. Aliyefichwa hawezi kutiwa hatiani, na hawezi kutakaswa pia.

Kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 2004, mbunge Maoka Maore aliuliza Bungeni kuhusu kandarasi ya mtambo wa kutengeneza pasipoti iliyopewa kampuni yenye anwani mjini Liverpool. Maswali yalipozidi, fedha ambazo serikali ilikuwa imekwisha kulipa zilirudishwa. Aliyezirudisha hakujitambulisha! Ni nadra duniani mdai kurudisha malipo pasipo hata kuandika barua. John Githongo, aliyekuwa katibu wa maadili katika ofisi ya Rais, alilifuatilia suala hilo hadi akalazimika kukimbilia uhamishoni mwaka 2005. Ilibainika kuwa kandarasi za namna hiyo zilikuwa 18.

Baadhi ya kampuni hizo zilikwenda katika mahakama za ng'ambo kudai haki zao, nazo zikashinda. Mnamo Mei 2014, serikali ilizilipa takriban Sh1.4 bilioni kwa sababu ilihitaji kusafisha jina lake kabla ya kukopa dola bilioni mbili katika masoko ya nje mwezi uliofuata. Kampuni isiyo na sura iliweza kuishtaki nchi, lakini nchi ilishindwa kuishika shingo.

Mazoea haya hayakuanza juzi. Mwaka 1971, tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara wakiwa kazini. Tangu hapo, aliyetoa leseni na aliyeiomba wangeweza kuwa mtu mmoja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna uamuzi mwingine wa miaka ile uliochangia zaidi kulificha jina la mwenye mali, kwa sababu afisa aliyejipa zabuni asingeiandika kwa jina lake. Aliiandika kwa jina la mke, shemeji, au kampuni. J.M. Kariuki, mbunge aliyeonya kuhusu nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi, aliuawa Machi 1975.

Ardhi ilifuata mkondo uo huo. Tume ya Ndung'u iliyotoa ripoti yake mwaka 2004 ilikadiria kuwa hati miliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria baina ya 1962 na 2002. Viwanja vingi vilipewa kampuni zilizoviuza haraka, mara nyingine kwa mashirika ya umma, hivi kwamba mwananchi alinunua tena kwa pesa zake ardhi iliyokuwa yake. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 iliwataka maafisa kutangaza mali zao, nao wakazitangaza kwa fomu zilizofungiwa kabatini.

Mnamo Oktoba 2021, nyaraka zilizovuja zilizopewa jina la Pandora Papers zilionyesha kuwa familia ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ilikuwa na kampuni na wakfu katika nchi za ng'ambo kama Panama. Kumiliki kampuni ng'ambo si kosa kisheria, na Rais mwenyewe alisema ufichuzi wa aina hiyo utasaidia kuondoa pazia la usiri. Lakini umma ulifahamu kwa sababu karatasi zilivuja. Hakuna afisi yoyote nchini ambayo ingemwonyesha mwananchi karatasi hizo kama angeziomba.

Sheria imejaribu kuziba pengo hili. Sheria ya Kampuni ya 2015 ilirekebishwa mwaka 2017 ili kila kampuni iweke daftari la wamiliki wake halisi, yaani binadamu wanaonufaika hatimaye, na kanuni za utekelezaji zikatolewa mwaka 2020. Mmiliki halisi ni yule mwenye angalau asilimia 10 ya hisa au kura, moja kwa moja au kupitia wengine, au mwenye uwezo wa kumteua ama kumfuta mkurugenzi, au mwenye ushawishi mkubwa juu ya kampuni.

Kanuni hiyo ni nzuri, ila ina matundu. Ndugu 11 wakigawana asilimia tisa tisa, wamekwisha kushika 99 na hakuna aliyefika 10. Kipengele cha ushawishi kingeweza kuwanasa, lakini ushawishi hauna risiti. Faini ya kutotii ni hadi Sh500,000, kiasi ambacho kwa mwenye mabilioni ni kama nauli. Mnamo Februari 2024, Kenya iliingizwa katika orodha ya nchi zinazohitaji kufuatiliwa na jopo la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha haramu, na mojawapo ya mambo iliyotakiwa kurekebisha ni taarifa za wamiliki halisi.

Tena daftari hilo si la kila mtu. Liko kwa Msajili wa Kampuni, na hufunguliwa hasa kwa mamlaka kama za uchunguzi na ushuru. Uingereza iliweka lake wazi bila malipo tangu 2016. Umoja wa Ulaya nao ulikuwa umeelekea huko, hadi mahakama yake kuu ilipoamua Novemba 2022 kwamba kumfungulia kila mtu kunakiuka haki ya faragha. Hoja hiyo ina uzito, kwani matajiri nao hutekwa nyara na kutishwa. Ila yule aliyepewa zabuni ya dawa za hospitali au ya barabara analipwa na umma, na ni vigumu kuona faragha yake inamlinda dhidi ya nani isipokuwa wale wanaomlipa.

Kwa sasa mwananchi anaweza kulipa ada kwenye tovuti ya eCitizen na kupata hati iitwayo CR12. Humo ataona wakurugenzi wa kampuni, wenye hisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Iwapo mwenye hisa ni kampuni ya ng'ambo, ataona jina la kampuni hiyo, nchi ilikosajiliwa na anwani yake ya posta.