Waziri Alipokuwa Mwamuzi wa Mwisho wa Aliyefukuzwa Kazi

Kila inapowadia Mei Mosi, maandamano yakipita na mabango yakiinuliwa mbele ya jukwaa la wakubwa, maneno yanayosikika zaidi ni ya mishahara na pensheni, na ni nadra kumsikia msemaji akitaja haki ambayo bila yake hizo nyingine zote hazina mlinzi, nayo ni haki ya mtu aliyefukuzwa kazi kumwita aliyekuwa mwajiri wake mbele ya mwamuzi asiye na upande, akamtaka aeleze sababu, na sababu hiyo ikapimwa. Vijana walioajiriwa juzi wanaidhani haki hii kuwa na umri sawa na Tanganyika huru. Hasha, kwa sura tuijuayo leo ilianza kazi mwaka 2007, na kabla ya hapo mlalamikaji alipita katika milango mingi ambayo wa mwisho wake, kwa muda wa miaka arobaini, ulikuwa ni mlango wa ofisi ya Waziri.

Katika kuisimulia habari hii nimeegemea zaidi juu ya Profesa Issa Shivji, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye kitabu chake juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania kilichapishwa mwaka 1986, na juu ya maandiko ya sheria zenyewe. Shivji si mtu wa kuwaonea haya mawaziri, na msomaji atambue mapema kwamba ukali wake umeniambukiza.

Tuanze na Mwingereza. Sheria yake ya Mabwana na Watumishi wa Kienyeji, ya mwaka 1923, iliifahamu vema njia ya kutoka kazini kwenda mahakamani, ila iliifungua kwa upande mmoja tu: mwajiri ndiye aliyekuwa mlalamikaji aghalabu, na mtumishi ndiye mshitakiwa, kwani kuacha kazi kabla ya muda wa mkataba kwisha, ambako leo ni jambo la madai tu, siku hizo kulihesabiwa kuwa jinai yenye faini na kifungo. Katika mashamba ya mkonge kazi ilipimwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini, na kila siku mtu alipomaliza kazi yake kadi ilitiwa alama. Mnyapara akikasirika, akasema safu za mkonge hazikukatwa sawasawa, siku ile haikutiwa alama na ujira wake ulipotea bure. Kwenda kuuliza kwa nini, tena ukauliza mbele ya hakimu, lilikuwa wazo lisilomjia mtu mwenye akili timamu.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara, nao wakapata nyongeza kwa uamuzi wa baraza lililoundwa kuwasuluhisha. Wakagoma tena mwaka 1950, damu ikamwagika, chama chao kikafutwa. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa. Wakata mkonge wa Mazinde wakakaa katika mgomo siku 68, na watu wa reli mwaka 1960 wakakaa siku 82. Hawakuwa na baraza la kumlalamikia mtu mmojammoja, hivyo kilichokuwa kikimrudisha kazini aliyeonewa ni wenziwe kuweka chini mapanga na makasha mpaka bwana aseme basi.

Silaha hiyo ndiyo iliyowatisha waliorithi serikali. Sheria ya mwaka 1962 ya kusuluhisha migogoro ya kazi iliufunga mgomo kwa taratibu ndefu hata ukawa kama umepigwa marufuku, na Januari 1963 Victor Mkello, rais wa Shirikisho na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, alihamishwa kwa amri hadi Sumbawanga, mbali na mkonge na mbali na bahari. Mwaka mmoja baadaye wanajeshi wa kambi ya Colito wakaasi; viongozi wa vyama waliodhaniwa kuwa na mkono katika jambo lile wakakamatwa, na kabla mwezi Februari 1964 haujaisha vyama vyote vilikuwa vimevunjwa na kukusanywa katika chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais.

Kwa kuwa mtoto aliyenyang'anywa kisu hupewa muwa, mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyokuja kujulikana kwa jina la Sura ya 574, na hapa inafaa tutulie, maana sheria hiyo ilikuwa na mema mengi ambayo watu wa leo hawayajui. Iliamuru iundwe Kamati ya Wafanyakazi kila mahali palipokuwa na wanachama wa kutosha wa NUTA, na mwajiri akalazimika kushauriana na kamati hiyo kabla ya kumwadhibu mtu. Iliweka Kanuni ya Nidhamu iliyoorodhesha makosa, kuanzia kuchelewa na kutokuwapo bila ruhusa hadi ulevi, uzembe na ukaidi, na kila kosa likaandikiwa adhabu zake kwa daraja: onyo la maandishi, karipio, karipio kali, faini, na mwisho kabisa kufukuzwa papo hapo. Msimamizi aliyezoea kusema "toka, usirudi kesho" sasa alipaswa kufungua jedwali na kutazama kosa ni la mara ya ngapi. Na aliyefukuzwa kinyume cha jedwali hilo alikuwa na haki ya kulipeleka shauri lake kwenye Baraza la Usuluhishi, lenye Afisa Kazi kwenye kiti, mjumbe wa waajiri upande mmoja na mjumbe wa wafanyakazi upande wa pili. Hapakuhitajika wakili, na wala mawakili hawakutakiwa.

Mpaka hapo hakuna wa kuilaumu. Lakini soma mbele. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza, awe mwajiri au mwajiriwa, alikata rufaa kwa Waziri wa Kazi, na uamuzi wa Waziri ulikuwa wa mwisho. Kisha kifungu cha 28 kikazipiga kufuli mahakama za kawaida, zisisikilize asilani dai la mtu aliyefukuzwa papo hapo au aliyekatwa ujira wake kwa adhabu. Wapo waliodhani majaji hawatalikubali jambo hilo. Mwaka 1970 shauri la shamba la mkonge la Kitundu lilifika Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na majaji wakasema kwamba Bunge limenena waziwazi, nao hawana mamlaka.

Na Waziri huyo alikuwa nani? Hapa ndipo ugomvi ulipo. Waziri wa Kazi tangu mwaka 1962 alikuwa Michael Kamaliza, mtu aliyekulia ndani ya vyama vya wafanyakazi, na NUTA ilipoundwa katibu mkuu wake wa kwanza aliyeteuliwa akawa ni yuleyule Kamaliza, bila ya kuuacha uwaziri. Tafakari basi njia ya mtu aliyefukuzwa kiwandani mwaka 1965. Mtetezi wake katika Kamati ni mwanachama wa NUTA. Mjumbe wake katika Baraza ametoka NUTA. Mwenyekiti wa Baraza ni Afisa Kazi, mtumishi wa Wizara. Na rufaa yake itaamuliwa na bwana mmoja ambaye asubuhi ni kiongozi wa chama kinachomtetea mlalamikaji, na alasiri ni mjumbe wa serikali ambayo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, itakuja kuwa yenyewe mwajiri wa wengi kama yeye. Watetezi wa mpango huu walisema kwamba katika nchi changa maslahi ya chama, ya serikali na ya mfanyakazi ni kitu kimoja, na kwamba kumwendea Waziri ni rahisi kuliko kumwendea jaji, kwani Waziri hana ada wala Kiingereza cha kisheria. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Wakati huo mahakama kuu zilikuwa mbali na masikini kwa kila maana ya neno hilo. Walakini tume ya Rais iliyoichunguza NUTA mwaka 1967 ilikuta malalamiko mengi ya wanachama kwamba viongozi wao wamewaacha, na mwaka huo Kamaliza hakuwa Waziri tena. Alikuja kujua ladha ya mahakama mwenyewe: mwaka 1971 alihukumiwa kifungo katika kesi ya uhaini, pamoja na Bibi Titi Mohamed.

Kwa maoni yangu kosa halikuwa la Kamaliza. Kosa lilikuwa la kumtwika mtu mmoja, awe nani, kazi ya kuwa kakaye mlalamikaji na kadhi wake, kisha kumwambia asitoe maelezo. Maana uamuzi wa Waziri mara nyingi ulikuja kwa barua fupi, yenye kusema rufaa imekubaliwa au imekataliwa, na anayetaka kujua kwa nini alibaki kuigeuza karatasi upande wa pili. Kadhalika sheria ilipokuja kurekebishwa, mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mtu kazini akapewa njia ya kutokea: asipomtaka, amlipe ujira wa miezi 12 pamoja na fidia nyingine ya kisheria, aende zake. Kiwango hicho cha miezi 12 tutakutana nacho tena.

Wafanyakazi waliona. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipowakataza viongozi majivuno, ubwana na dharau, watu wa viwandani waliushika neno kwa neno, na wasimamizi waliotukana au kufukuza ovyo wakajikuta wamefungiwa nje ya malango ya viwanda vyao wenyewe. Shivji amehesabu migomo 31 baina ya Februari 1971 na Septemba 1973, yenye watu zaidi ya 20,000, na mingi katika hiyo haikuwa ya mshahara, bali ya heshima. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi hawakungoja Baraza wala Waziri. Walikitwaa kiwanda na kukiendesha. Serikali iliyokuwa imeandika Mwongozo haikupenda kuona umesomwa hivyo, na mwisho wa siku zile za ujasiri wengi waliojitokeza mbele walifukuzwa, wakabaki na njia ileile ya rufaa kwa wizara.

Miaka iliyofuata yanitosha kwa maneno machache. Baraza la Kudumu la Kazi, lililoundwa mwaka 1967 kwa ajili ya migogoro ya pamoja, baadaye likageuzwa jina kuwa Mahakama ya Kazi; NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU; haki za binadamu zikaingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, na majaji, ambao hapo kwanza walinyamaza mbele ya kifungu cha 28, wakapata ujasiri wa kuzitengua barua za Waziri zilizokosa sababu. Mwaka 2004 Bunge likapitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na nyingine ya Taasisi za Kazi, Sura ya 574 ikazikwa, na mwaka 2007 Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote wanaiita CMA, ikafungua milango.

Sheria ya 2004 iligeuza mzigo. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Akishindwa, mwamuzi aweza kuamuru mtu arudishwe kazini, au alipwe fidia ambayo sheria hiyo, kama ilivyopitishwa, iliiweka isipungue mshahara wa miezi 12, ile namba tuliyoiacha nyuma. Asiyeridhika haendi tena kwa Waziri, bali Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Ni heri kubwa, na inatumika vibaya. Waajiri wamejifunza sherehe za utaratibu bila roho yake: barua ya tuhuma inaletwa, mtuhumiwa anapewa saa 48 za kujiandaa kama kanuni zinavyotaka, kamati ya nidhamu inakaa, muhtasari unaandikwa kwa adabu zote, ilhali barua ya kufukuzwa imekwisha chapwa tangu juzi na iko katika droo ya meneja. Vyama vya wafanyakazi navyo, vilivyorithi majengo ya NUTA, vinaonekana zaidi siku ya fulana na kofia kuliko katika chumba cha usuluhishi, ambako mlinzi au mhudumu wa hoteli anakaa peke yake akikabiliana na wakili wa kampuni.

Basi kwa msomaji ambaye barua imemfikia wiki hii: ukiwa umetimiza miezi sita kazini, shauri la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa CMA kwa fomu namba moja, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na nakala yake mwajiri akabidhiwe. Nenda nayo mwenyewe, pamoja na mkataba, barua ulizopewa na hati za mshahara. Siku 30 zikipita, itakubidi kwanza uombe ruhusa ya kuchelewa na kueleza sababu ya kila siku iliyopotea, na waamuzi hawaitoi ruhusa hiyo kwa huruma tu.