Tundu na Unga wa Kahawa

Nundu ya mti ni kidonda kilichopona kwa fujo. Mti umeumizwa, labda na wadudu, labda kuvu, labda panga la mtu, na pale pale machipukizi madogo yanaanza kusongamana bila mpango, mwaka baada ya mwaka, mpaka shina linaota uvimbe mkubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Ukiupasua utakuta nyuzi za mbao zisizojua zinakoelekea. Zinazunguka, zinakatizana, zina macho madogo madogo. Na kuna matundu: gome lililomezwa likaoza, au mwanya ulioachwa pale ambapo mti ulikua pande mbili zisikutane. Fundi wa samani akiona hayo anasonya. Muuza kuni analalamika shoka linakwama. Mimi hapo nanunua.

Nakereza kalamu, Nyeri mjini. Nundu ninazozipenda ni za mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, mti wa upande mkavu wa mlima, ukitoka Kieni kwenda Naro Moru na Nanyuki. Mbao yake ni nzito, ya rangi ya asali yenye michirizi myeusi. Unakata kijiti cha mraba, unakitoboa katikati, unagundisha mrija mwembamba wa shaba ndani, unakifunga kwenye mashine na kuanza kukipunguza kwa patasi. Ukimaliza, ukuta wa mbao uliobaki juu ya shaba ni milimita moja hivi, pengine mbili. Sasa fikiria tundu kwenye ukuta huo. Shaba inachungulia kama goti kwenye suruali iliyochanika.

Wako wanaolijaza kwa gundi ya rangi, bluu ya bahari au kijani kinachong'aa, na mitandaoni zinauzika sana. Sina ugomvi nao. Mimi natumia kahawa. Unga mkavu, uliosagwa laini, unaushindilia ndani ya tundu kwa ncha ya sindano, unadondoshea supaglu, unasubiri kidogo, unapiga msasa. Inakuwa ngumu na nyeusi, na ukiiangalia utadhani mti wenyewe ndio uliojiziba. Nilianza hivyo kwa sababu ya bei tu. Gundi za rangi zinaagizwa kutoka nje, na kahawa, wee, hii ni Nyeri.

Lakini kahawa ya Nyeri ina stori, na wengi wetu tuliozaliwa tukikuta viwanda vya kahawa kila bonde hatuijui. Tunadhani wazee walikuwa nayo tangu zamani. Hapana. Kwa miongo kadhaa ya ukoloni, kahawa ilikuwa zao la walowezi. Kuipanda kulihitaji leseni, na leseni hiyo Mwafrika hakupewa. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kistaarabu sana: mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa ya mimea, ubora utashuka, kahawa ya mlowezi itaibwa. Sababu ambayo haikusemwa kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa mshahara wa senti. Katikati ya miaka ya 1930 ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo, kwa majaribio, Kisii, Embu na Meru. Wakikuyu, waliokuwa wamepakana na mashamba ya walowezi, wakaambiwa wangoje. Mlango ulifunguka kweli kweli miaka ya 1950, hasa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, na huo ulikuja vita vikiwa vinawaka, baadhi ya wanaume wa vijiji hivi wakiwa kizuizini na wengine msituni. Kwa hiyo miche mingi ya kwanza ya kahawa ya Nyeri ilipandwa wakati shamba halina mwenyewe wa kuipalilia ila mama na watoto.

Msitu nao ulikuwa na wenyewe kwenye karatasi. Serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa hifadhi yake, na aliyezoea kuokota kuni, kulisha mbuzi au kutundika mzinga akajikuta anaomba kibali kwenye ardhi ya babu yake. Reli ilipofika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930, mbao za mlima zilipata njia ya kuteremka kwa mabehewa. Mwaka 1953 Mlima Kenya na Nyandarua vikafanywa maeneo yaliyopigwa marufuku: ukionekana ndani, unapigwa risasi, hakuna maswali. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki la takriban maili 50 pembezoni mwa msitu ili chakula kisipite.

Na kilichokuwa kinaendelea ndani ya msitu huo, pamoja na njaa na mabomu, kilikuwa ni kuandika. Hili ndilo linalonishika zaidi. Dedan Kimathi, mtoto wa Tetu, alitaka mambo yawekwe kwenye maandishi: barua, kumbukumbu za mikutano, majina ya wapiganaji. Karari Njama, mwalimu, alikuwa katibu huko msituni, na baadaye akasimulia katika kitabu alichoandika pamoja na Donald Barnett, kilichotoka 1966. Baadhi ya karatasi za Kimathi zilinaswa na wanajeshi, na nyingine hazikuonekana tena. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa hapa hapa Nyeri kwa kupatikana na bunduki, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Rekodi ya kesi yake haikuwa mikononi mwa umma kwa miongo mingi. Ilichapishwa 2017. Miaka sitini nzima.

Gakaara wa Wanjau wa Karatina alikamatwa Oktoba 1952 kwa kosa, ukilivua nguo zote, la kuandika na kuchapisha. Kizuizini akaendelea kuandika shajara kwa siri. Ilitoka kama kitabu kwa Kikuyu na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma. Alirudi Karatina akaendesha mtambo wake wa uchapishaji, kilomita chache kutoka ninapokaa, na nikipita pale sokoni kwenye kelele za matatu na magunia ya viazi huwa najiuliza alikuwa akiuficha wapi wino.

Kwa hiyo nikiishika kalamu moja iliyokamilika, naona mbao iliyohitaji kibali, kahawa iliyohitaji leseni, na kazi ya kuandika iliyokuwa kosa. Wateja wangu wengi hawataki kusikia haya. Wanataka zawadi ya mahafali. Wakiuliza lile doa jeusi ni nini nawaambia ni kahawa, wananusa, wanacheka, wanalipa. Sawa tu.

Kibali bado kipo, na safari hii nakiunga mkono. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilirusha ndege juu ya Mlima Kenya na kuhesabu zaidi ya miti 6,700 ya muthaiti iliyokatwa kinyume cha sheria, hiyo ni kafuri peke yake. Hao hawakuwa wakoloni, walikuwa watu wetu na magari yetu. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Mimi nachukua nundu za mashambani tu, mti ulioanguka au kisiki kinachong'olewa ili mtu ajenge, na sibebi kitu bila barua. Wauzaji wengine wananiona mshamba. Buda, kipande cha kalamu nacho kinataka barua?

Kinataka. Barua hizo naziweka kwenye mkebe wa biskuti chini ya mashine, zikiwa na vumbi la mbao. Ya mwisho ni ya kisiki cha mutamaiyu kutoka Kieni. Ina mhuri wa zambarau uliopinda, na imeandikwa kwa kalamu ya plastiki ambayo wino ulikatika katikati ya neno, ikabidi mwandishi wake amalizie kwa nyekundu.