Mtoto aliyemtia mfalme hofu

Juma hili, ndugu msikilizaji, nalichukua jina moja la kike la nchi ya Wales: Gwenllian.

Wa kwanza alikuwa binti wa mfalme Gruffudd ap Cynan. Mwaka 1136, mumewe akiwa kaskazini kutafuta msaada wa vita, mama huyu aliongoza jeshi mwenyewe kupambana na Wanormani karibu na ngome ya Kidwelly. Alishindwa, akakatwa kichwa. Uwanja huo hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Wa pili hakushika upanga. Alizaliwa Juni 1282, mamaye akafariki kwa uzazi huo. Desemba mwaka huohuo baba yake, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, akauawa na majeshi ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Edward akaamuru mtoto apelekwe Sempringham, mashariki ya Uingereza, akalelewe na watawa. Kosa lake? Siku moja angeweza kuolewa na kuzaa mrithi. Alikaa humo, mbali na watu wake, hadi alipofariki mwaka 1337, na hata jina lake likapindwa katika maandishi likawa Wencilian.

Mimi namwona huyu ndiye aliyeogopwa zaidi. Mwenzake aliuawa akiwa na jeshi; yeye alifungiwa akiwa bado ananyonya! Cheo cha baba yake nacho, mwaka 1301, Edward alimpa mwanawe mwenyewe.

Mwaka 2009 mlima mmoja wa kaskazini ya Wales ulibadilishwa jina, ukaitwa Carnedd Gwenllian, kwa kumkumbuka mtawa huyo.