Longonot na Nyayo za Ujumbe

Ukiteremka kutoka ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa ukielekea Naivasha, utauona mbele yako Mlima Longonot, volkano iliyolala, yenye kimo cha mita 2,776. Wasafiri wengi huutazama mlima, wakaishia hapo. Lakini wewe msomaji, ambaye huenda karibuni utachagua masomo ya chuo kikuu, nakuomba uyatazame pia mambo yaliyopita miguuni pake kwa muda wa miaka mia na zaidi. Njia ya habari za nchi hii imepita hapa mara mbili, na katika historia ya njia hiyo utaona haja ya elimu mpya inayofundishwa sasa vyuoni: elimu ya kulinda mitandao, na ya kuchunguza ushahidi uliomo katika kompyuta.

Mara ya kwanza habari zilipita kwa waya. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilivuka bonde hili ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na nguzo za simu zilikwenda sambamba nayo. Huko mbele, katika nchi ya Wanandi, waya ule ulikatwa mara nyingi. Serikali ya kikoloni iliuita wizi. Wenyeji walikuwa wakiipinga dola iliyoingia nchini mwao bila kukaribishwa, na tena waya ulifaa kwa mapambo. Nataka ushike jambo moja tu katika habari hiyo. Waya ukikatwa, kila mtu hujua. Karani hugonga mashine yake asijibiwe. Fundi hutumwa, akafuata nguzo moja baada ya moja hata akapaona palipokatika. Hasara ilijitangaza yenyewe.

Mara ya pili ni mwaka 1970, kilipofunguliwa Longonot kituo cha setilaiti, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Mwenyewe alikuwa Kampuni ya Mawasiliano ya Nje ya Afrika Mashariki, iliyowahudumia watu wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kabla ya hapo, mazungumzo ya ng'ambo yalitegemea redio ambayo sauti yake ilipanda na kuzama kwa kadiri ya hali ya anga. Sasa sahani kubwa ya chuma, yenye upana wa karibu mita 30, ilielekezwa kwenye setilaiti iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, karibu kilomita 36,000 kutoka usawa wa Ikweta, ikienda pamoja na mzunguko wa dunia hata ikaonekana kana kwamba imesimama. Sauti ya mtu aliyeketi Nairobi ilipanda huko na kushuka Ulaya kwa muda wa robo ya sekunde hivi.

Kituo cha namna hiyo hulindwa kwa ua, lango na askari. Hata hivyo mawimbi yanayoshuka kutoka setilaiti hayajui ua. Huenea juu ya sehemu kubwa ya dunia, na yeyote aliye na chombo kinachofaa aweza kuyapokea. Zaidi ya hayo, msikilizaji wa siri hapunguzi kitu: ujumbe humfikia mwenyewe ukiwa mzima, naye hajui kwamba umesikiwa na mwingine. Hapo, msomaji, ndipo ulinzi wa habari ulipoachana na ulinzi wa mali. Ng'ombe akiibwa, zizi huwa tupu. Ujumbe ukiibwa, zizi hubaki limejaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kituo kikabaki mikononi mwa Kenya. Mwaka 1999 shirika la posta na simu likagawanywa, kazi ya simu ikawa ya Telkom Kenya. Intaneti ilipoingia nchini katika miaka ya 1990, nayo ilitegemea setilaiti. Na barua ya mtu wa Nairobi kwa jirani yake wa mtaa wa pili, ikiwa walitumia kampuni mbili mbalimbali, aghalabu ilisafiri hadi ng'ambo kisha ikarudi. Mahali pa kubadilishana habari hizo humu humu nchini palifunguliwa mwaka 2000, pakafungwa na mdhibiti wa mawasiliano mwaka ule ule, pakafunguliwa tena mwaka 2002. Kisha mwaka 2009 mikongo ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilifika Mombasa, na shughuli kubwa ikahama Longonot. Miaka miwili kabla yake, mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilikuwa imeanza kupeleka fedha kwa simu za mkononi. Basi njia zimekuwa nyingi, na kinachopita humo si salamu tu, bali ni karo ya mtoto na mshahara wa baba.

Ni nani atakayefuata nguzo hizi zisizoonekana? Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga, kule Bondo, na Chuo Kikuu cha KCA, Nairobi, ni miongoni mwa vyuo vilivyoanzisha shahada za kazi hii. Vijana wengi hudhani kwamba watafundishwa kuvunja makufuli. Kwa maoni yangu, anayeingia kwa tamaa hiyo angefaa kwanza kusoma historia, kwa kuwa mchunguzi wa kompyuta ni ndugu wa mwanahistoria: wote wawili hawakuwapo jambo lilipotendeka, nao hutafuta nyayo.

Mchunguzi akiletewa simu au kompyuta, haifungui akaanza kupekua, maana kule kupekua hubadili saa na alama zilizomo. Kwanza hunakili diski yote kwa chombo kinachozuia kuandika juu yake. Kisha hufanya hesabu iitwayo hashi, ambayo hugeuza maandishi yote, yawe mengi kiasi gani, kuwa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi. Katika namna moja itumikayo sana, ni 64. Ukibadili nukta moja, mfuatano wote hugeuka. Hashi ya nakala ikilingana na ya asili, nakala ni ya kweli. Tena kila mkono uliokishika kifaa huandikwa, pamoja na siku na saa. Kazi hii haina fahari, lakini pakikosekana mstari mmoja, mwizi huenda zake, au asiye na hatia hufungwa.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2009 ili kupokea kumbukumbu za kompyuta. Sheria ya makosa ya mitandao ilitiwa sahihi mwezi wa Mei 2018, na kabla mwezi haujaisha Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu vyake 26, kwa malalamiko ya chama cha wanablogu kwamba uhuru wa watu ulikuwa hatarini. Zuio hilo liliondolewa Februari 2020. Wanablogu hawakuhofu bure. Mwenye ruhusa ya kufungua simu za watu ana nguvu kubwa.

Elimu hii imekwisha kupimwa mbele ya taifa zima. Katika kesi ya uchaguzi wa urais wa mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliiamuru Tume ya Uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe, bila mtu kuweza kubadili kitu. Tume haikutii kikamilifu. Wengi wa majaji wakaihesabu kasoro hiyo dhidi yake, na tarehe 1 Septemba uchaguzi ukabatilishwa. Mwaka 2022 madai yalirudi, kwamba fomu za matokeo zilinaswa njiani zikabadilishwa. Safari hii seva zilikaguliwa chini ya usimamizi wa msajili wa mahakama, na fomu za karatasi zikalinganishwa na picha zilizotumwa. Zililingana. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walitamka kwamba baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa na walalamikaji ili kuonyesha wizi zilikuwa zenyewe za kughushi.